Mfumo wa kupoza injini ya gari la zamani

Mfumo wa kupoza injini ya gari la zamani ni mkusanyiko wa vifaa vinavyoondoa joto la ziada katika injini ya gari lililotengenezwa miongo kadhaa iliyopita, kwa kawaida kabla ya miaka ya 1980. Vifaa vyake vikuu ni rejeta, pampu ya maji, themostati, feni, mkanda wa feni, mipira ya maji, pamoja na njia za maji zilizomo ndani ya bloku na silinda hedi.

Makala hii inaeleza jinsi mfumo huo unavyofanya kazi, unavyoharibika na unavyotengenezwa. Mkazo uko kwenye mazingira ya pwani ya Afrika Mashariki, hasa Fumba, rasi iliyopo kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja, Zanzibar. Huko gari hukabiliwa na mambo matatu kwa pamoja: joto la mwaka mzima, hewa yenye chumvi ya bahari, na maji ya visima yanayotoka katika miamba ya matumbawe.

Historia

Injini ya petroli hugeuza sehemu ndogo tu ya nishati ya mafuta kuwa mwendo, takriban robo hadi theluthi. Nyingine hutoka kama joto kupitia ekzosi na kuta za silinda. Kwa sababu hiyo kupoza injini lilikuwa tatizo tangu gari la kwanza. Gari la Karl Benz la mwaka 1886 lilipoza injini yake kwa kuacha maji yachemke na kuwa mvuke, hivyo dereva alilazimika kuongeza maji mara kwa mara. Mwaka 1901 gari la Mercedes lenye nguvu farasi 35, lililobuniwa na Wilhelm Maybach, lilitokea na rejeta yenye umbo la sega la nyuki iliyopoza maji yaleyale tena na tena.

Magari mengi ya awali, kama vile Ford Model T nyingi na Austin 7, hayakuwa na pampu ya maji. Maji yalizunguka yenyewe, kwa kuwa maji ya moto ni mepesi na hupanda juu, huku yaliyopoa yakishuka chini ya rejeta. Baadaye pampu, themostati na mfuniko wa shinikizo vilikuwa vya kawaida.

Katika Afrika Mashariki magari ya aina hii yalijulikana sana baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Land Rover, iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, ilitumiwa na serikali, mashamba na misheni. Huko Unguja malori, yakiwemo ya Bedford, yaliwekewa mabodi ya mbao na kubeba abiria na mizigo kati ya mjini na shamba. Peugeot 404 ilipata sifa kwa kushinda mbio za Safari Rally katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968.

Si kila gari la zamani lina rejeta. Volkswagen Beetle, iliyoshinda mbio hizo mwaka 1954 na 1962, hupozwa kwa hewa inayosukumwa na feni juu ya silinda zenye mapezi. Magari ya zamani bado hushindana katika mbio za East African Safari Classic Rally, zilizoanza mwaka 2003.

Jinsi mfumo unavyofanya kazi

Pampu ya maji huzungushwa na injini kwa njia ya mkanda. Husukuma maji kupitia njia zilizo pembeni mwa silinda, kisha kwenye silinda hedi ambako joto ni kali zaidi. Injini ikiwa bado baridi, themostati huwa imefunga, na maji huzunguka ndani ya injini tu ili ipate moto haraka. Joto likifikia kiwango kilichoandikwa kwenye themostati, kwa mfano nyuzi 82 za Selsiasi, vali yake hufunguka na maji ya moto huenda kwenye tangi la juu la rejeta. Hapo hushuka kupitia mirija myembamba. Mapezi yaliyoshikamana na mirija huchukua joto na kulitoa kwenye hewa inayopita. Maji yaliyopoa hukusanyika tangi la chini na kurudi kwenye pampu kwa mpira wa chini.

Mfuniko wa rejeta si kizibo tu. Ndani yake mna springi inayozuia mvuke mpaka shinikizo lifikie kiwango fulani. Shinikizo likipanda, maji huchelewa kuchemka. Usawa wa bahari, kama Fumba, maji yaliyo wazi huchemka kwenye 100 °C. Chini ya mfuniko wa paundi 7 kwa inchi mraba huchemka karibu na 111 °C, na chini ya mfuniko wa paundi 15 karibu na 121 °C. Jijini Nairobi, lililo juu sana kutoka usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka karibu na 94 °C. Kwa hiyo mfuniko uliochoka huweza kulifanya gari lichemshe hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Rejeta za magari ya zamani zilitengenezwa kwa shaba na aloi ya shaba na zinki, zikaunganishwa kwa kulehemu kwa risasi na bati. Rejeta nyingi za magari mapya ni za alumini zenye matangi ya plastiki. Tofauti hii ni muhimu: rejeta ya shaba inaweza kufunguliwa, kusafishwa na kulehemiwa upya mara nyingi, lakini tangi la plastiki likipasuka kwa kawaida hubadilishwa.

Hali ya Fumba na Unguja

Sehemu kubwa ya Fumba ni ardhi ya maweni, yaani mwamba wa matumbawe wenye udongo mchache juu yake. Mwamba huo ni chokaa. Maji ya mvua yanapopenya ndani yake huyeyusha kiasi cha chokaa, na kisima hutoa maji yanayoitwa magumu. Dalili zake zinajulikana nyumbani: sabuni haitoi povu kwa urahisi, na birika la chai hufanya ukoko mweupe ndani. Ukoko huohuo hujijenga ndani ya injini na rejeta. Hupitisha joto vibaya kuliko chuma, na huziba mirija ya rejeta ambayo upenyo wake ni wa milimita chache tu.

Visima vilivyo karibu na ufuo vinaweza pia kuwa na chumvi. Chumvi huharakisha kutu ya chuma na kula maungio ambapo metali tofauti zinagusana, kama vile bloku ya chuma, silinda hedi ya alumini na rejeta ya shaba. Kwa hiyo maji yanayofaa kunywewa si lazima yafae rejeta.

Maji bora kwa kazi hii ni yaliyokenekwa, ambayo madukani huuzwa kama maji ya betri. Hayapaswi kuchanganywa na asidi ya betri, ambayo ni kitu kingine kabisa na huharibu rejeta. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri nayo hufaa kwa kuwa hayajapita kwenye chokaa. Msimu wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na wa vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, hutoa nafasi ya kuyaweka akiba. Mvua ya kwanza huachwa ioshe paa, kwa sababu hubeba vumbi, majani na chumvi iliyoletwa na upepo wa bahari.

Hewa ya bahari hushambulia rejeta kutoka nje. Mapezi huanza kumomonyoka na kujitenga na mirija, na rejeta inayoonekana kamili kwa mbali huwa haitoi joto tena. Kuosha rejeta kwa maji baridi, kutoka upande wa injini kwenda mbele, huondoa chumvi, wadudu na mbegu za nyasi. Msukumo wa maji usiwe mkali, kwani mapezi hupinda kirahisi.

Dalili za hitilafu

Madereva husema gari "linachemsha" linapozidi joto. Wakati linapochemsha huonyesha mahali pa kuanzia kutafuta:

- Likichemsha kwenye foleni au likisimama, lakini likapoa barabarani, tatizo mara nyingi ni feni, mkanda wake, au mapezi yaliyoziba.
- Likichemsha kwa mwendo mkubwa au likipanda mlima, rejeta huenda imeziba ndani, au mpira wa chini unanyonywa na kujibana.
- Likichemsha dakika chache baada ya kuwashwa, themostati huenda imeganda ikiwa imefunga, au maji ni machache.
- Likipoteza maji bila tone kuonekana chini, maji huenda yanaingia kwenye silinda kupitia gasketi iliyoungua.
- Mapovu yasiyokoma kwenye shingo ya rejeta, moshi mweupe wa ekzosi usiokwisha, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni dalili za gasketi au za ufa kwenye silinda hedi.

Si kila joto linatokana na mfumo wa kupoza. Moto wa plagi uliochelewa, kabureta inayotoa petroli kidogo mno, au breki zinazoshika huongeza joto la injini. Geji ya zamani pia inaweza kudanganya, hivyo ni vizuri kuilinganisha na themometa kabla ya kununua kipuri chochote.

Uchunguzi

Uchunguzi huanza injini ikiwa baridi. Maji ya rejeta huangaliwa rangi yake: wekundu wa tope ni kutu ya bloku, utando wa mafuta ni dalili ya gasketi. Mipira hubinywa kwa mkono. Mpira mzima ni mgumu kiasi na hurudi umbo lake; uliolegea kama sifongo au wenye nyufa hubadilishwa. Mkanda wa feni husukumwa kwa kidole katikati ya puli mbili. Katika magari mengi ya zamani unatakiwa kubonyea kiasi cha milimita 13.

Feni hushikwa na kutikiswa mbele na nyuma. Ikicheza, beringi ya pampu imekwisha. Chini ya pampu kuna kitundu kidogo kilichowekwa makusudi na mtengenezaji. Maji yakitoka hapo, sili ya ndani imeharibika. Kuziba kitundu hicho ni kosa, kwa sababu maji yatapata njia ya kuingia kwenye beringi.

Uvujaji hutafutwa kwa pampu ndogo ya mkono inayofungwa mahali pa mfuniko. Mfumo hujazwa hewa hadi shinikizo lililoandikwa kwenye mfuniko, si zaidi, na geji huangaliwa kwa dakika kadhaa. Ikishuka, kuna mahali panapovuja.

Themostati hupimwa jikoni. Hutundikwa kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na themometa, bila kugusa chini, na maji hupashwa moto taratibu. Inapaswa kuanza kufunguka karibu na nyuzi zilizoandikwa juu yake na kufunga tena maji yakipoa.

Ukarabati

Rejeta

Maji hutolewa kupitia bomba la chini na kukingwa kwenye ndoo. Mipira na bolti hufunguliwa, na rejeta hutolewa bila kuegemezwa kwenye mapezi. Hatua ya kwanza ni kuisafisha kinyumenyume: maji huingizwa tangi la chini na kutoka juu, ili uchafu urudi njia uliyojia. Ukoko wa chokaa hulainishwa kwa mchanganyiko hafifu wa siki au asidi ya ndimu, kisha rejeta husuuzwa mara nyingi.

Ikiwa mirija bado imeziba, fundi rejeta huyeyusha maungio ya tangi la juu, akalitoa, na kupitisha ukanda mwembamba wa chuma katika kila mrija. Tangi hurudishwa na kulehemiwa. Kabla ya kulehemu, mahali panapohusika hukwanguliwa mpaka shaba ing'ae na kupakwa dawa ya kulehemea, kwa sababu risasi haishiki juu ya uchafu wala kutu. Dawa hiyo ina asidi na huoshwa mara baada ya kazi. Mwisho, matundu hufungwa, rejeta huzamishwa kwenye pipa la maji na kujazwa hewa kidogo. Mapovu huonyesha tundu lililobaki.

Mrija mmoja au miwili iliyotoboka inaweza kufungwa kabisa kwa risasi bila madhara makubwa. Ikizidi, uwezo wa rejeta hupungua, na katika joto la pwani upungufu huo huonekana haraka. Hapo ni afadhali kuweka kiini kipya katikati ya matangi ya asili, njia inayolinda pia sura ya gari.

Bloku

Rejeta safi iliyofungwa kwenye bloku chafu huziba tena. Katika injini ya chuma cha kusubu, kutu na tope hukaa chini kabisa, mara nyingi nyuma kwenye silinda ya mwisho, mbali na pampu. Themostati hutolewa, bomba la bloku hufunguliwa na kuchokolewa kwa waya, na maji husukumwa mpaka yatoke meupe. Vizibo vya bati vilivyo ubavuni mwa bloku huangaliwa. Vyenye kutu hubadilishwa kabla havijatoboka barabarani.

Pampu, mkanda na mipira

Pampu ya gari la zamani mara nyingi inaweza kufunguliwa na kuwekewa beringi na sili mpya. Hili ni muhimu kwa magari ambayo vipuri vyake havipatikani tena madukani. Mkanda ukikazwa kupita kiasi huua beringi za pampu na jenereta. Ukilegea huteleza na kupiga kelele. Mpira wa chini katika baadhi ya magari una springi ndani inayouzuia kujibana, na springi hiyo hurudishwa mpira unapobadilishwa.

Gasketi ya silinda hedi

Gasketi ikiwa imeungua, silinda hedi hutolewa na unyoofu wake hupimwa kwa rula ya chuma na vipimo vyembamba vya bati. Hedi iliyopinda kupita kiwango cha kitabu cha gari hupelekwa kuchongwa. Wakati wa kufunga, bolti hukazwa kwa spana yenye kipimo, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu na si kwa mara moja. Gasketi nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Hulowanishwa kabla ya kukwanguliwa, na hazipigwi kwa brashi ya mashine.

Kujaza maji

Kulanti nyingi huwa na ethilini glikoli na dawa za kuzuia kutu. Katika nchi za baridi kazi yake kubwa ni kuzuia maji yasigande. Huko Fumba hakuna barafu, lakini dawa ya kutu bado inahitajika, na mchanganyiko wa nusu kwa nusu huchemka karibu na 107 °C hata bila shinikizo. Wamiliki wengi wa magari yenye rejeta ya shaba huchagua kulanti iliyoandikwa kuwa inafaa shaba na risasi. Aina mbili tofauti hazichanganywi.

Maji huingizwa polepole, bomba la hita likiwa wazi na mbele ya gari ikiinuliwa kidogo ikiwezekana, ili hewa itoke. Injini huwashwa bila mfuniko mpaka themostati ifunguke. Kiwango cha maji kikishuka huongezwa, kisha mfuniko hufungwa. Baada ya safari fupi, na injini ikishapoa kabisa, maji huangaliwa tena.

Tiba za njiani

Baadhi ya madereva huondoa themostati wakidhani injini itapoa zaidi. Katika injini nyingi matokeo ni mabaya: maji mengine hurudi kwenye pampu bila kupita rejeta, na kwa safari fupi injini haipati joto linalostahili, hivyo oili hufanya tope na silinda hulika.

Katika nchi mbalimbali watu hutia yai au pilipili manga ya unga ili kuziba tundu. Huweza kusaidia kufika nyumbani, lakini kinachoziba tundu huziba pia mirija mizima. Maji ya bahari ni chaguo la mwisho kabisa. Yakitumika, mfumo mzima husuuzwa kwa maji baridi siku hiyohiyo.

Gari likichemsha, njia salama ni kusimama, kuzima injini na kungoja, hata kama ni saa nzima. Maji baridi yakimwagwa kwenye injini yenye moto huweza kupasua silinda hedi au bloku, na kwa gari la zamani hasara hiyo huenda isifidiwe.

Usalama na mazingira

Mfuniko haufunguliwi injini ikiwa na moto. Shinikizo likiondoka ghafla, maji yaliyozidi 100 °C hugeuka mvuke papo hapo na kuunguza uso na mikono. Moshi wa risasi pia ni hatari, hivyo kulehemu hufanyika mahali penye hewa, mbali na watoto na vyombo vya chakula.

Ethilini glikoli ni sumu yenye ladha tamu. Watoto, paka na mbuzi huweza kuinywa, na kiasi kidogo huweza kuharibu figo na kuua. Kulanti ya zamani huwekwa kwenye chombo chenye mfuniko na maandishi, si kwenye chupa ya maji ya kunywa.

Huko Fumba kuna sababu nyingine ya kutoimwaga chini. Mwamba wa matumbawe una nyufa nyingi, na kinachomwagwa juu hufika haraka kwenye maji ya visima na baharini. Rasi hiyo inapakana na Ghuba ya Menai, iliyotangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1997, ambako wakazi wa vijiji vya jirani huvua samaki. Tope la rejeta lina risasi na shaba, na halipaswi kuishia huko.

Tazama pia

- Injini
- Gari
- Fumba
- Unguja
- Maji magumu